Je, Wajua Kwa Nini Vijana Wengi Waliolelewa Katika Familia za Kambo Marekani Hukamatwa na Polisi?

Nchini Marekani, mtoto anayeondolewa kwa wazazi wake kwa sababu ya kupigwa au kutelekezwa hukabidhiwa kwa familia ya kambo inayolipwa na serikali, au hupelekwa kwenye makao yenye wafanyakazi wa zamu. Kila mwaka maelfu ya watoto hao hufikia umri wa kutoka kwenye malezi hayo wakiwa hawajarudishwa nyumbani wala kuasiliwa. Mark Courtney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia vijana zaidi ya 700 wa majimbo ya Illinois, Wisconsin na Iowa, tangu wakiwa na miaka 17 hadi 26, wakakuta kwamba wengi wao, hasa wavulana, walikuwa wamekwisha kukamatwa na polisi.

Wapo wanaosema kwamba watoto hao ni wakorofi tangu kuzaliwa. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu watu wazima waliolelewa hivyo katika majimbo ya Washington na Oregon ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na ugonjwa wa msongo utokanao na kiwewe, kiwango kinachozidi kile cha askari wa Marekani waliorudi kutoka vitani. Mwenye ugonjwa huo huishi kama mtu aliye hatarini muda wote, hata akishikwa bega kwa ghafla anaweza kurusha ngumi kabla hajatambua ni nani. Kwa mzazi wake, kijana aliyepiga mlango teke ukavunjika hugombezwa, na kesho yake fundi huitwa. Kwenye makao, mfanyakazi wa zamu huweza kuwapigia polisi simu, na kosa lile lile likafunguliwa jalada na kupangiwa tarehe ya kusikilizwa.

Kinachozidisha maumivu ni kuhamishwahamishwa. Wengi husimulia jinsi nguo zao zilivyotiwa kwenye mfuko mweusi wa taka, wakapelekwa nyumba nyingine, shule nyingine na kwa mshauri mwingine, ambaye ilibidi waanze kumweleza upya mambo yale yale waliyotamani kuyasahau.

Je, malezi ya kambo yenyewe ndiyo yanayowaharibu? Mchumi Joseph Doyle alilichunguza swali hili Illinois, ambako maafisa wanaochunguza malalamiko ya watoto kuteswa hupangiwa kesi kwa zamu, na baadhi yao ni wepesi wa kuwaondoa watoto nyumbani kuliko wenzao. Mwaka 2008 alionyesha kwamba, katika kesi ambazo maafisa wangeweza kutofautiana, watoto walioondolewa walikamatwa zaidi ukubwani kuliko walioachwa. Hata hivyo, uchunguzi wa aina hiyo hiyo uliofanywa baadaye Michigan ulipata kinyume chake: walioondolewa walifanya uhalifu mdogo zaidi. Huko wengi walikaa muda mfupi, kisha wakarudi kwa wazazi ambao nao walionekana kuwa wamebadilika. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo inaonyesha kwamba yanayotendwa baada ya kumwondoa mtoto yana uzito sawa na uamuzi wenyewe.

Pigo la mwisho huja siku ya kutoka. Kijana aliyekuwa akipelekwa kwa daktari na afisa wa ustawi wa jamii hutakiwa ghafla atafute mwenyewe daktari wa watu wazima, apange miadi na afuatilie dawa zake, huku pengine hajui atalala wapi. Wengi huacha matibabu wakati huo huo. Ndiyo maana ulinganisho wa majimbo yale matatu una thamani kubwa: Illinois iliwaruhusu vijana kubaki hadi miaka 21, ilhali kwingine kwa kawaida walitoka wakiwa na 18, na waliobaki hawakukamatwa kwa wingi kama waliotoka, ingawa nafuu hiyo ilipungua kadiri miaka ilivyopita. Sheria ya mwaka 2008 iliyaruhusu majimbo yote kupata fedha za serikali kuu kwa vijana wanaobaki hadi miaka 21, na tangu 2014 waliotoka wakiwa na 18 au zaidi wana haki ya bima ya afya ya umma mpaka watimize 26.