Nani Alihesabu? Kusoma Historia kwa Semina na Utafiti

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi hapa Moshi hutuuliza swali moja: kijana akisoma historia chuo kikuu, ataongeza nini juu ya yale aliyokwisha soma sekondari? Wao huona ni vita vilevile, ukoloni uleule na tarehe zilezile, ila kitabu kimenenepa. Wana haki ya kuuliza. Na kama shahada yenyewe ingekuwa mihadhara mitupu, ningekosa jibu la kuwapa. Jibu limo kwenye semina na kwenye tasnifu, yaani ripoti ndefu ya utafiti wa mwanafunzi mwenyewe.

Ngazi ya heshima (honours) ya shahada ya kwanza hupangwa tofauti nchi na nchi. Afrika Kusini ni mwaka mzima unaosomwa baada ya shahada ya miaka mitatu. Uingereza mara nyingi imo ndani ya shahada yenyewe. Kwetu jina hilo halisikiki sana, lakini kazi yake tunayo, hasa mwaka wa mwisho: semina zenye wanafunzi wachache, na utafiti ambao mwanafunzi anaufanya mwenyewe chini ya msimamizi.

Semina si mhadhara mdogo. Kila mmoja amepewa waraka uleule wiki moja kabla, mwanafunzi mmoja anawasilisha, wenzake wanamhoji, na mwalimu anasema kidogo kuliko wote. Mtindo huu ulipata nguvu Ujerumani katika karne ya 19, mwanahistoria Leopold von Ranke alipokuwa akiketi na wanafunzi wake Berlin kuchambua nyaraka za kale. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kupata cha kuchambua.

Chukua kesi ya ardhi ya Wameru. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili ardhi ile wapewe walowezi. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi hapa Moshi, alifika New York kueleza malalamiko ya watu wake. Katika Baraza Kuu, azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura. Idadi ya walioondolewa inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 3,000.

Kwenye mhadhara, namba hiyo inaingia daftarini na somo linaendelea. Kwenye semina inasimamishwa hapohapo. Nani alihesabu? Alihesabu watu wote au wanaume walipa kodi, akakadiria waliobaki? Wanawake na watoto wamo? Hesabu ilifanyika kabla ya watu kuondolewa, au baada ya kutawanyika kwa ndugu zao? Ofisa wa wilaya alikuwa na sababu ya kutaka jambo lionekane dogo. Mlalamikaji alikuwa na sababu ya kutaka hasara ionekane yote. Hakuna hata mmoja wao anayelazimika kuwa mwongo ili maandishi yao yatofautiane. Kisha inaletwa mezani ripoti ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, iliyopendekeza mipaka ya mashamba ya walowezi na maeneo ya Waafrika ipangwe upya, na wanafunzi wanaanza kuona kuwa tukio la 1951 lilikwisha kuchorwa kwenye karatasi miaka kadhaa kabla ya askari kufika. Saa mbili zinakwisha na bado tuko kwenye aya ya pili.

Wiki za mwanzo huwa ngumu, na sababu naielewa. Wengi wametoka mahali ambapo kumpinga mwenzako mbele za watu ni kumwaibisha, na kumpinga mwalimu ndiyo usiseme. Wengine wamezoea madesa, yaani muhtasari wa kukariri: unakariri, unayamwaga kwenye mtihani, unasahau. Kanuni inayotusaidia ni fupi: atakayepinga ataje ukurasa. Hapo ubishi unahama kutoka kwa mtu unakwenda kwenye ushahidi, na mwanafunzi mkimya aliyesoma vizuri anapata silaha dhidi ya msemaji ambaye hakusoma.

Tasnifu ndiyo hatua kubwa zaidi, na karibu kila mara inakwama kwenye mada. Mwanafunzi anakuja na "Historia ya kahawa Kilimanjaro". Hiyo ni kazi ya maisha ya mtu. Chama cha wakulima wa kahawa wenyeji kilianza mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ikaundwa mwaka 1933. Katikati hapo peke yake pana ugomvi wa kutosha watafiti kadhaa. Namshauri achague chama cha msingi kimoja, kata moja, miaka isiyozidi kumi, na swali linaloweza kujibiwa: fedha za msimu ziligawanywaje? Nani alikuwa na sauti kwenye vikao? Wajane wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, waliuza kahawa kwa jina la nani?

Halafu atafute ushahidi. Mihutasari ya vikao, daftari za mauzo, rejista za ubatizo za misheni za zamani. Mafaili ya serikali yapo Nyaraka za Taifa, ambako kwa kawaida kumbukumbu hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Anayetaka historia ya karibuni zaidi, Arusha kuna kumbukumbu za mahakama iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015. Kabla ya kwenda vijijini achukue barua ya chuo, ipite kwa katibu tawala na kwa mtendaji wa kata, ndipo afike kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wapo wanaoudharau mlolongo huu. Mzee asiyejua umetumwa na nani hakwambii kitu, na mimi namuunga mkono.

Kwa wazee, naomba hojaji za kuweka tiki ziachwe chuoni. Mtu wa miaka tisini hajibu historia yake kwa "nakubali" na "sikubali". Mwache aongee, omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, kisha tafuta mwaka kwa matukio anayoyajua: ilikuwa kabla au baada ya mwenge kupandishwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yaani Desemba 1961? Kwa Wamasai na Waarusha, jina la rika husaidia zaidi kuliko kalenda.

Anayedhani utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni zoezi la kupata alama tu, aangalie mwaka 1968. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji kwa watu waliokuwa bado wanavikumbuka. Wanahistoria wanaendelea kuyatumia hadi leo, na wasimulizi wale hawapo tena. Ndiyo maana tasnifu ya kununua inaniuma kuliko kosa lolote la darasani: mzee ambaye angehojiwa mwaka ule hakuhojiwa.

Kwa familia, kuna jambo mnaloweza kufanya hata kama hakuna mtoto anayesoma historia. Kwenye masanduku ya Machame, Marangu, Poli na Akheri kuna risiti za kahawa, kadi za TANU, barua na vyeti vya ubatizo. Viwekeni pakavu, mbali na moshi na mchwa. Andikeni kwenye karatasi ya pembeni vilikuwa vya nani, mkimuuliza mkubwa wa ukoo angali yupo. Msizipeleke dukani kubandikwa plastiki ya moto, kwa sababu karatasi ikishabandikwa haitoki tena salama. Mwanafunzi akija na barua yake, apige picha hapohapo mezani. Karatasi zenyewe zibaki nyumbani kwenu.