Umefunga. Chakula chako kimekwenda kwa nani?

Kufunga ni kujinyima chakula kwa muda, kwa ajili ya sala na toba. Hilo kila aliyekulia kanisani analijua. Kinachonikera ni haya ninayoyasikia kila Januari, mabango ya maombi ya siku 21 yanapotundikwa: "Nimefunga kwa ajili ya viza." "Tunafunga mpaka Bwana ajibu." Mfungo umegeuka mgomo wa kula, na Mungu ndiye mwajiri anayengojwa asalimu amri.

Hizo siku 21 zenyewe zimetoka Danieli 10, na ukiisoma utakuta mzee yule alikuwa akiomboleza. Tena alikula, alichoacha ni chakula kitamu, nyama na divai.

Wakristo wa mwanzo walifunga sana, wala hawakungoja Kwaresima. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wataalamu wengi wanakiweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, kinaagiza Jumatano na Ijumaa, wasije wakafanana na waliofunga Jumatatu na Alhamisi. (Hizo mbili Waislamu nao huzifunga sunna hadi leo.) Waorthodoksi wa Ethiopia bado wanashika Jumatano na Ijumaa. Desturi ya kale ilikuwa kufungua saa tisa, na kwa kuwa Warumi walihesabu saa tangu macheo kama sisi, ni saa tisa hii hii ya alasiri.

Lakini swali lililowashughulisha lilikuwa jingine: kile chakula ambacho hakikuliwa kiende wapi?

Herma, Mkristo wa Roma wa karne ya 2, anaeleza katika kitabu chake jinsi alivyokuwa amekaa mlimani amefunga, pengine akijiona amefanya jambo. Malaika aliyemtokea kwa sura ya mchungaji akamwambia kwamba hajui kumfungia Bwana. Kisha akamfundisha. Kwanza auchunge moyo wake na kila neno baya. Halafu siku ya mfungo asionje kitu ila mkate na maji, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, na fedha hizo ampe mjane, yatima au mwenye shida. Ndiyo, hesabu kabisa, kama ya sokoni.

Karibu na wakati huohuo Aristide wa Athens alimwandikia kaisari kuwatetea Wakristo. Anasema akiwapo maskini kati yao, nao hawana akiba, hufunga siku mbili au tatu ili wampatie chakula. Hapo mfungo ndio ghala lenyewe. Na wala hawakuubuni wao. Isaya 58 ilikwishasema kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni pamoja na kumgawia mwenye njaa mkate wako.

Sisemi usiombe viza. Omba, hata ukiwa umefunga, Mungu hakatazi. Ila jioni, kabla ya kufungua, piga hesabu ya Herma: chai na chapati za asubuhi, wali maharage wa mchana kwa mama ntilie. Jumla hiyo si akiba yako ya nauli ya kesho. Kuna mtu mtaani kwenu ambaye leo naye hajala, na hakuwa amefunga.