Otoruti ni nini, na kwa nini barabara ya Sake si otoruti

Ukitoka katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea Ndosho, Mugunga na Sake, unakanyaga barabara ya taifa namba 2, ile ile inayokuja kutoka Bukavu na upande wa pili wa mji kupanda kwenda Rutshuru, Butembo na Beni. Ina lami na inabeba malori, kwa hiyo wapo wanaoiita otoruti. Siyo. Hata ukiipanua mara tatu na kuimwagia lami mpya kila mwaka, bado haitakuwa otoruti.

"Barabara ya taifa" ni cheo: kinasema nani ana wajibu wa kuitunza. "Otoruti" ni umbo. Na umbo hilo linatambulika kwa jambo moja kabla ya mengine yote: huwezi kuingia wala kutoka popote unapotaka. Hakuna geti la nyumba linalofungukia humo, hakuna duka, hakuna motari, yule wa pikipiki ya abiria, anayesubiri mteja pembeni, hakuna avenyu ya kokoto inayomwaga magari katikati ya lami. Unaingia kwa bretele, ile njia ya pembeni iliyopindwa, na kutoka kwa bretele nyingine. Basi.

Mengine yote yanazaliwa na hilo. Barabara zinazoikata hupita juu yake au chini yake, kamwe si usawa mmoja, kwa hiyo hakuna taa wala rompwe (mzunguko wa magari) wala dodane (tuta). Pande mbili zinatenganishwa kwa ukuta au ukanda wa majani, ili anayekuja asikutane uso kwa uso na anayekwenda. Mtembea kwa miguu, baiskeli na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, haviruhusiwi. Hapo ndipo eshanjeri inapoingia. Wengi wetu tulijifunza neno hilo kwa picha za Limete, Kinshasa, tukadhani ni jina la ule mnara mrefu. Mnara ni pambo tu. Eshanjeri ni mafundo ya njia pale chini, yanayomtoa dereva barabara moja na kumwingiza nyingine bila kumsimamisha.

Kwa nini ukali wote huo? Gari la kilomita 100 kwa saa linakula mita 28 kila sekunde. Dereva akiona hatari, sekunde moja inapita kabla mguu haujagusa breki, kisha breki nazo zinadai nafasi yake: jumla ni kama mita 80 kwenye lami kavu, na zaidi mvua ikinyesha. Sasa mweke mbele yake chukudu lililoshuka kutoka Kibumba na magunia ya makaa. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, mwenye nalo anakikanyaga kwa kisigino, na mzigo wa kilo mia kadhaa unaendelea kumsukuma. Kila kimoja kikiwa peke yake ni salama kiasi. Kinachoua ni tofauti ya mwendo. Ndiyo maana bretele ya kuingilia lazima iwe ndefu: gari la kawaida linahitaji kama mita 200 kupanda kutoka kilomita 40 hadi 100 kwa saa. Fundi akiikata hadi mita 60 ili kuokoa kiwanja, madereva watasimama mwishoni mwa bretele wakisubiri nafasi, na ajali za kugongwa kwa nyuma zitaanzia hapo.

Otoruti si lazima iwe ndefu. Moja ya zile za mwanzo kabisa duniani ilikuwa na kilomita kama 10 tu, pembezoni mwa Berlin, Ujerumani. Inaitwa AVUS, ufupisho wa maneno ya Kijerumani yenye maana ya barabara ya usafiri na mazoezi ya magari. Kazi ilianza 1913, vita vya kwanza vya dunia vikaisimamisha, ikafunguliwa Septemba 1921 kwa mashindano ya magari. Ilitoka Charlottenburg, ikanyooka kama uzi ndani ya msitu wa Grunewald, ikafika Nikolassee. Njia mbili zilizotenganishwa, magari peke yake, na kuingia ni kwa kulipa: marki 10. Kila mwisho palikuwa na kona ya kugeukia, maana wenyewe walitaka iwe uwanja wa mbio vilevile.

Kona ya kaskazini ndiyo iliyoleta balaa. Mwaka 1937 ilijengwa upya kwa matofali, ikainuliwa kwa nyuzi 43, mwinuko ambao mtu mwenye viatu vya kawaida angeteleza akijaribu kuupanda. Juu kabisa hapakuwa na kizuizi cha kumrudisha aliyekosea. Mwaka 1959, wikiendi ya Grand Prix ya Ujerumani, Mfaransa Jean Behra alirushwa juu ya ukingo huo akiwa na Porsche yake, akafa. Kona ilibomolewa 1967, na mahali pake pakajengwa, kumbe, eshanjeri. Mbio zenyewe ziliendelea kwa umbo fupi hadi 1998.

Kama njia ya kila siku, AVUS iliunganishwa 1940 na otoruti inayouzunguka mji wa Berlin, na miaka ya mji uliogawanyika ikawa mlango wa Berlin Magharibi kuelekea kituo cha ukaguzi cha Dreilinden. Leo ni sehemu ya otoruti A115.

Otoruti fupi za mjini zina ugonjwa wake. Bretele zikikaribiana mno, gari linaloingia linataka kwenda kushoto wakati linalotoka linataka kwenda kulia, yote ndani ya mita chache, na foleni inaota hapo hapo ingawa lami iko wazi mbele. Ugonjwa wa pili uko mwishoni: otoruti inamwaga magari yake yote kwenye mtaa wa kawaida wenye rompwe moja. Umehamisha msongamano, hujautibu. Nairobi waliijenga yao ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa 2022, sehemu yake juu ya nguzo na kwa malipo. Nguzo ni jibu la ghali kwa tatizo rahisi kulielewa: chini kumeshajaa watu.

Kwetu kuna shida nyingine, jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita kwenye uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ziwani, na njia zikafunguliwa upya juu yake. Jiwe hilo linabeba lori bila kulalamika, lakini hata kulichimbia kanivo, mfereji wa maji, ni kazi ya nyundo za mashine, sembuse njia ya kupita chini ya barabara. Tarehe 22 Mei 2021 lava ikaja tena, ikaifunika namba 2 upande wa Rutshuru.

Siku tano baadaye, tarehe 27, ilitangazwa kwamba sehemu kubwa ya mji ihame, na wengi walielekezwa Sake, kilomita kama 25. Magari, motari, watu wenye magodoro kichwani, wote barabara moja. Siku ile ukosefu wa ukuta katikati ulisaidia, kwa sababu watu walizijaza pande zote mbili. Otoruti yenye ukuta usiokatika isingeruhusu hivyo: upande wa kuingia mjini ungebaki mtupu na wa kutoka ungejaa. Kwa hiyo anayechora otoruti chini ya volkano anapaswa kuacha mianya kwenye ukuta wa kati, yenye vizuizi vya kuondolewa kwa mkono, kila kilomita chache, ili polisi waweze kugeuza upande mzima kwa saa moja. Na ukanda wa pembeni uwe mpana wa kutosha kwa waendao kwa miguu, ambao siku nyingine zote wamekatazwa humo.