Anthropolojia ni nini hasa, na kwanini mtafiti anahamia kijijini kabisa?

Ukimuuliza mtu anthropolojia ni nini, mara nyingi atakutajia mafuvu ya Olduvai. Hajakosea, kuna tawi la mifupa na chimbuko la binadamu, ila mimi leo naongelea anthropolojia ya jamii, elimu inayotaka kujua watu wanaishije na kwanini wanayoyafanya yana maana kwao wenyewe.

Zamani kazi hii ilifanyikia kwenye kiti cha maktaba. Msomi mmoja Mskoti, James Frazer, alikaa zake chuoni Cambridge anasoma taarifa za wamisionari na maofisa wa serikali, anakusanya mila za dunia nzima, kazi yake kubwa ikaanza kutoka mwaka 1890, na wale watu anaowaandika hajawahi hata kula nao.

Aliyebadilisha sana mambo ni Mpolandi mmoja, Bronislaw Malinowski. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Australia, na kwa vile alikuwa raia wa Austria, iliyokuwa inapigana na Waingereza, alihesabika mtu wa upande wa adui, lakini akaruhusiwa kufanya utafiti visiwa vya Trobriand, ambavyo leo viko Papua New Guinea. Alienda mara mbili kati ya 1915 na 1918, akapiga hema katikati ya kijiji cha Omarakana, akajifunza lugha yao, asubuhi anaamka anaona watu wanapika, wanagombana, wanaenda shamba. Hiyo ndo inaitwa uchunguzi shirikishi, unaishi na watu huku unaandika noti.

Na faida yake ilionekana kwenye kula (ni neno la kwao, halihusiani na chakula). Watu wanavuka bahari kwa mitumbwi kupelekeana mikufu ya kombe nyekundu na bangili za kombe nyeupe, mikufu inazunguka visiwani upande mmoja na bangili upande wa pili, na hakuna anayekaa nazo moja kwa moja. Mpita njia angesema hawa wanapoteza muda tu. Aliyekaa nao akaona heshima, urafiki wa mbali, na biashara ya kawaida inayofanyika pembeni ya safari hizohizo.

Sasa tuje kwetu, chukua utani. Nilishawahi kuona msibani mtani kaingia kaburini kajilaza, anasema hatoki mpaka apewe hela, na wafiwa waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi bado yako mashavuni. Mgeni akiona ataandika hawa hawana adabu kwa wafu. Kaa nao, uliza, utaambiwa mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema yasiyosemeka, na wewe huruhusiwi kukasirika, na siku ukifiwa usipomuona ndo utaumia. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza, Radcliffe-Brown, aliandika makala kuhusu uhusiano wa aina hii akisema ni urafiki na uhasama vimechanganywa pamoja kwa makusudi, na mimi nadhani hapo aligusa penyewe, maana kuna makabila yanayosema yalianza kutaniana baada ya kupigana vita.

Ila tusifiche, elimu hii ilikulia ndani ya ukoloni na watawala walitaka kuitumia kujua namna ya kutawala. Hata Malinowski, shajara yake ilipochapishwa 1967 akiwa ameshafariki, watu walishtuka kuona alivyokuwa anawachukia wenyeji siku zingine. Kwangu lililo zito zaidi ni kwamba anayeandikwa alikuwa hana kalamu. Ndo maana Jomo Kenyatta ni muhimu sana hapa, alisoma kwa huyohuyo Malinowski kule London, 1938 akatoa kitabu kuhusu Wakikuyu, watu wake mwenyewe, mwalimu wake akakiandikia utangulizi. Mle ndani anaeleza ardhi ya Wakikuyu ilivyokuwa na wenyewe, inajulikana ya ukoo gani na mpaka uko wapi, na hiyo kwa wakati ule ilikuwa hoja moja kwa moja dhidi ya walowezi waliokuwa wanadai wamekuta pori.

Siku hizi mtafiti anaweza kukaa kijiwe cha bodaboda, wodini au sokoni Kariakoo, sio lazima kisiwani, na kwanza anaomba ridhaa. Kazi yenyewe haijabadilika sana: mwezi wa kwanza watoto wanacheka lafudhi yake, wakubwa wanampa majibu ya mgeni, usiku anaandika kila kitu hata kisicho na maana, halafu siku moja hafiki, na kesho yake mtu anamuuliza, jana ulikuwa wapi?