Acheni kuongeza trebo kwenye gitaa la kinanda

Imetosha sasa. Mpiga kinanda yeyote hapa Mbeya akilalamika kwamba sauti ya gitaa ya kinanda chake haifanani na gitaa halisi, anapewa ushauri uleule: ongeza trebo, yaani sauti za juu, gitaa ni chombo cha makali. Juzi nimeusikia tena Mwanjelwa, safari hii kutoka kwa fundi mitambo wa kwaya, mtu mzima anayeheshimika. Anayeufuata anaishia na sauti ya nyuki ndani ya debe, kisha anashauriwa anunue kinanda cha bei kubwa zaidi.

Kinanda hakina kosa. Gitaa la umeme lenye disto, ule mkwaruzo wa roki, mnalolipenda hamjawahi kulisikia bila spika yake. Sauti inatoka kwenye nyuzi, inapita pikapu (kinasa sauti cha gitaa) na ampu (kikuza sauti), halafu inaingia kwenye spika ya inchi 12, na spika hiyo ni sehemu ya ala. Celestion ya Uingereza inaandika kwamba Vintage 30, spika inayopendwa sana kwenye kabineti (makasha ya spika) za roki, inafanya kazi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 70 na 5,000. Juu ya hapo sauti inaporomoka. Spika za ukumbini zina honi, spika ya sauti za juu, inayopanda mbali kupita hapo. Ukiitoa disto ya kinanda ukaipeleka moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), unasikia uchafu wote ambao spika ya gitaa ingeukata. Trebo inaongeza uchafu huohuo.

Kinanda kina filta yake ya kukata sauti za juu, na hapo huwa najibiwa, "Filta nimeshaifunga, bado inakwaruza." Umefunga filta ipi, ndugu yangu? Kwenye vinanda vingi filta inafanya kazi kwenye kila noti, kabla ya efekti (vionjo vinavyoongezwa juu ya sauti). Disto inakuja baada yake, na kazi ya disto ni kuzalisha harmoniki mpya, yaani sauti za juu zinazopanda juu ya noti. Unayazima makali yanapoingia, disto inayatengeneza upya yanapotoka. Ulichokiua ni mguso wa piki (kipande cha kukwanyulia nyuzi), na huo tulikuwa tunauhitaji! Iache filta ya noti wazi kiasi, punguza geini (nguvu) ya disto, ukate sauti za juu baada ya disto: kwa efekti inayoiga kabineti kama ipo, la sivyo kwa ekwalaiza (kirekebisha sauti) ya mwisho au ya mikisa.

Namba ya 5,000 yenyewe siishiki kama sheria. Kwenye kumbi za bati zisizo na dari, tulizonazo nyingi kuanzia Uyole hadi Tukuyu, nakata kwenye 4,000, mara nyingine chini zaidi. Mvua ikianza kupiga bati napandisha tena, maana solo inamezwa. Namba moja inayofaa kumbi mbili sijaipata bado. Na kwa gitaa safi la rumba ushauri wa trebo unaweza kuwa sahihi, kwa sababu wapiga gitaa wengi huku wanachomeka moja kwa moja kwenye mikisa na masikio yetu yameshazoea mng'ao ule. Ninachokipinga ni trebo juu ya disto.

Kodi nazo, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Msipige kodi ya vidole vinne mkiwa na disto. Disto inazichanganya noti na kuzaa nyingine, jumla na tofauti ya mitetemo yake. A ya hezi 110 na E ya 164.8 zinazaa kama 55, yaani A ya chini yake, na kodi inanenepa. A hiyohiyo na C kali (C#) ya 138.6 zinazaa 28.6, isiyokaa vizuri na yoyote kati yake, na hapo mnasikia matope. Pigeni noti ya msingi na ya tano (kama A na E), basi.

Kwenye mipangilio ya sauti, ataki (muda wa kupanda) iwe sifuri, sasteini (kiwango kinachobaki ukishikilia noti) sifuri, dikei (muda wa kufifia) ndefu, kwa sababu uzi ukishakwanyuliwa hauongezewi nguvu. Msishuke chini ya E ya hezi 82, uzi mnene wa gitaa unaishia hapo.

Gurudumu la pichi, linalopandisha na kushusha noti, liwekeni semitoni (nusu-hatua) 2 na mlisukume juu tu. Uzi ukivutwa unapanda, haushuki. Ukitaka noti ishuke, lisukume gurudumu kwanza, bonyeza noti, ndipo uliachie taratibu.