Doa la Kiunoni Halisubiri Jumatatu: Maswali na Majibu kwa Wanaouguza Wazee Nyumbani

Maswali haya huulizwa na watoto, wajukuu, wake na wasaidizi wa kazi wanaomuuguza mzee asiyeweza kujigeuza: aliyepata kiharusi, aliyevunjika nyonga, au aliyeishiwa nguvu za miguu. Mengi huulizwa wodini, kidonda kikiwa kimeshafika kwenye mfupa. Hapa yanajibiwa mapema.

Kidonda cha mgandamizo ni nini?

Ni nyama iliyokufa kwa kukosa damu. Mfupa unaibana nyama kwenye godoro, mishipa midogo inazibika, damu haipiti. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Mzee aliyepooza hajigeuzi, na mara nyingine hata maumivu hayasikii. Saa chache za kulala upande mmoja zinatosha kuanzisha tatizo. Sehemu za kuangalia ni pale juu ya makalio mgongo unapoishia, visigino, nyonga, mabega, viwiko, vifundo vya miguu, kisogo na masikio.

Uharibifu mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, ndipo ukatokeza juu. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa sarafu huweza kuwa na shimo la kuingia ngumi chini yake. Usikipime kidonda hiki kwa mdomo wake.

Mama ana doa tu, ngozi haijachubuka. Hilo nalo ni kidonda?

Ndiyo. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyozidi weusi kuliko ngozi ya jirani, au yenye rangi ya zambarau. Kisha tumia mkono: weka mgongo wa vidole juu ya doa, halafu pembeni yake. Pana joto zaidi, au ubaridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Mzee anakunja uso unapopagusa? Lolote kati ya hayo ni dalili. Fanya ukaguzi huo kwenye mwanga wa dirisha, asubuhi na jioni, wakati wa kumwogesha, mwili mzima.

Ukiliona doa, mlaze upande mwingine ili pasiguse kitu, kisha angalia tena baada ya nusu saa. Likipotea, umepewa onyo: ongeza kumgeuza. Likibaki, hicho ni kidonda cha hatua ya kwanza. Asilalie tena upande ule, na muuguzi au daktari amwone siku hiyo au kesho yake.

Tumekuwa tukimkanda kwa maji ya moto na kumchua doa kwa mafuta ili damu itembee. Tunakosea?

Mnakosea, na mnafanya hivyo kwa upendo, ndiyo maana kosa hili ni gumu kulizuia. Nyama iliyo chini ya doa imeshajeruhiwa. Ukiichua, unaikwangua kwenye mfupa na kupasua mishipa michache iliyobaki. Maji ya moto kwenye ngozi isiyosikia huunguza, na mzee hatakwambia kwamba anaungua. Usichue. Usikande. Usisugue kwa spiriti, kwa limau wala kwa mafuta ya karafuu. Doa linataka kitu kimoja: uzito utoke juu yake.

Tusubiri siku ngapi tuone kama litapona lenyewe?

Hata moja. Swali hili linaulizwa sana, na jibu halibadiliki. Msimsubiri kaka mkubwa atoke safarini. Msisubiri Jumatatu. Msisubiri harufu, maana harufu ikitoka nyama imeshaoza. Kidonda cha hatua ya kwanza, mzigo ukiondolewa kabisa, huweza kutulia ndani ya siku chache. Kilichofika kwenye mfupa huchukua miezi, huhitaji kukatwa nyama iliyokufa, na huweza kuua kwa sumu kuingia kwenye damu.

Ngozi ikifunguka, ikitoa lengelenge au ikiwa nyeusi kama mkaa: kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nasisitiza, siku hiyo hiyo, hata kama mzee mwenyewe anasema haumwi. Asiyesikia maumivu yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayelia.

Namgeuzaje bila kumuumiza, wala kuumia mgongo wangu?

Mwambie kwanza unachotaka kufanya, hata kama hazungumzi. Simama upande atakaogeukia. Mkono wake wa mbali uweke juu ya kifua, goti la mbali likunje. Shika bega na nyonga za upande wa mbali, kunja magoti yako mwenyewe, kisha mvute kuelekea kwako kwa pamoja, bega na nyonga vikisogea sawia. Usimvute kwa mkono uliopooza wala usimnyanyue kwa makwapa. Bega la mtu wa kiharusi hutenguka kirahisi.

Sasa mito. Mmoja nyuma ya mgongo, ili aegemee kidogo tu, nyuzi 30 hivi, asisimame wima juu ya mfupa wa nyonga. Wa pili kati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu, kwa urefu wa mashavu yote, ili visigino vielee hewani: pitisha kiganja chini ya kisigino, kikipita bila kugusa umefanya vizuri. Kama hamna mito, kunjeni blanketi au khanga nene. Malizia kwa kunyoosha shuka. Mkunjo mmoja, kifungo, fundo la khanga au makombo ya mkate chini ya makalio vinatosha kuanzisha kidonda.

Kumpandisha kitandani akiwa ameteleza ni kazi ya watu wawili. Tandikeni shuka lililokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, kila mmoja ashike upande, mmnyanyue kwa hesabu ya tatu. Kumburuta kunaiacha ngozi nyuma wakati mfupa unakwenda mbele, na ngozi inachanika kwa ndani.

Ratiba ni kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, na kuruka upande wenye doa. Iandikwe kwenye karatasi ukutani, na aliyegeuza aweke alama na saa. Bila karatasi kila mtu hudhani mwenzake amegeuza. Usiku, kama godoro ni nzuri na asubuhi ngozi haina alama, muuguzi anaweza kukubaliana nanyi mrefushe iwe kila baada ya saa nne. Kulala usiku kucha chali, hapana.

Anakaa kwenye kiti mchana kutwa. Huko yuko salama?

La. Uzito wote umehamia kwenye mifupa ya makalio. Asaidiwe kuinua makalio au kuegemea kulia na kushoto kila robo saa hadi nusu saa. Mwenye doa kwenye makalio asikae zaidi ya saa moja kwa mkupuo.

Tumekata mpira wa tairi akae juu yake kama pete. Unasaidia?

Utoeni leo. Pete inabana ngozi pande zote na kuzuia damu isifike pale katikati mnapotaka papone. Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino nazo ni vivyo hivyo. Fedha hiyo iwekeni kwenye godoro zito la sponji. Jaribio ni rahisi: mzee akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio. Ukihisi mwili wake umekukalia, godoro limekufa.

Tumempunguzia maji ili asilowanishe pampasi. Ni vibaya?

Ni vibaya sana. Mkojo wake unakuwa mkali na kuichoma ngozi, choo kinakuwa kigumu, na ngozi kavu hupasuka upesi. Mpe vikombe sita hadi nane kwa siku, kidogokidogo, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Kagua pampasi kila unapomgeuza. Ikiwa imelowa, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa badala ya kufuta, kisha paka mafuta ya mgando, tabaka jembamba. Poda iacheni, hugandamana kwenye mikunjo na kukwaruza. Nailoni tupu chini ya mwili wake hapana, lazima juu yake pawe na shuka la pamba.

Na chakula: uji mtupu haujengi nyama. Weka yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, maziwa au mtindi katika kila mlo. Akila akalishwe wima, abaki hivyo nusu saa, kisha umshushe. Kumwacha ameegemea mito siku nzima kunamtelezesha taratibu na kuchana ngozi ya kiunoni.

Kidonda kimeshafunguka. Tuweke nini kabla ya kufika hospitali?

Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, acha ipoe. Nawa mikono. Mimina maji hayo juu ya kidonda, funika kwa gozi safi (shashi ya kufungia vidonda) iliyoloweshwa kwa maji hayo, na nyingine kavu juu yake. Basi. Unga wa kapsuli za rangi mbili haufiki kwenye vijidudu vya ndani, unaganda tu na kuficha usaha. Jivu, unga wa betri, dawa ya meno, spiriti na dawa ile inayotoa povu huua hata nyama mpya inayoota. Gamba jeusi, kavu na gumu kwenye kisigino usilibandue. Ni la daktari kuamua.

Dada wa kazi ndiye anayemuuguza. Tumemwachia yeye. Inatosha?

Mmemwachia kazi ya watu watatu. Aliyeajiriwa kupika na kufua, kisha akaongezewa kumgeuza mzee wa kilo sabini usiku na mchana, atachoka, na akichoka mzee hatageuzwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Naye ni mfanyakazi kama wengine. Gaweni zamu za usiku kati ya wanandugu. Mzee anaporuhusiwa kutoka wodini, dada huyo ndiye aende akafundishwe na muuguzi kugeuza, kuosha na kukagua ngozi. Na mkimfokea anapoleta habari ya doa, doa la pili atalificha.

Dalili zipi ni za kukimbia hospitali usiku huo huo?

Amechanganyikiwa ghafla au halali wala haamki vizuri. Anapumua harakaharaka. Mkojo umepungua sana. Ana homa, au mwili umekuwa baridi. Baadhi ya wazee sumu ikiingia kwenye damu hawapati homa kabisa, kwa hiyo ubaridi usiwatulize. Msiseme ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja. Mlazeni ubavu kwenye gari, kidonda kisiguse kiti, na mchukue karatasi ya ratiba pamoja na dawa zake zote.

Analia tukimgusa, tunamwonea huruma, tunamwacha.

Muulizeni daktari kuhusu parasetamoli ya kumpa nusu saa kabla ya kumgeuza, na kipimo chake. Kisha mgeuzeni polepole, mkizungumza naye.