Zipu ya protini: kifuko cha seli kinavyomwaga shehena yake

Tando mbili za seli haziungani kwa kugusana tu. Vichwa vya mafuta yake vimeshika maji, na maji hayo lazima yasukumwe kando kwanza. Katika sinapsi, mahali neva inapopitisha ujumbe kwa seli nyingine, kazi hiyo hufanywa na protini tatu za jamii ya SNARE: sinaptobrevini iliyo kwenye kifuko cha kemikali za ujumbe chenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, na sintaksini na SNAP-25 zilizo kwenye utando wa seli. Sinaptobrevini na sintaksini hutoa uzi mmoja mmoja, SNAP-25 miwili. Nyuzi hizo nne husokotana kuanzia ncha zilizo mbali na tando, kisha msokoto huteremka kuelekea mashina, kama zipu inavyofungwa, na tando huvutwa pamoja.

Mzigo mzito uko kwenye mizunguko ya mwisho ya zipu. Sumu ya botulinamu aina A huondoa asidi amino 9 tu za mwisho wa SNAP-25, kati ya 206. Nyuzi bado husokotana, lakini umwagaji wa shehena hudhoofika vibaya. Sumu ya pepopunda na botulinamu aina B zote hukata sinaptobrevini, tena mahali pale pale. Mbona moja hukakamaza misuli na nyingine huilegeza? Botulinamu hubaki kwenye ncha za neva zinazoamrisha msuli. Ya pepopunda hupanda hadi uti wa mgongo na kuzima neva zinazotuliza misuli. Tofauti ni mahali, si mkato.

SNARE peke yake hazijui saa ya kufyatua. Protini ya Munc18 huishika sintaksini ikiwa imejikunja, nyingine, Munc13, huikunjua, kisha kifuko husubiri zipu ikiwa nusu. Anayesikiliza kalsiamu ni protini ya sinaptotagmini: kikoa (sehemu) chake cha C2A hushika ioni 3, C2B hushika 2. Neva ikitulia, kalsiamu ni nanomola 100 hivi. Chaneli za kalsiamu zikifunguka, kiwango karibu nazo hupanda hadi makumi ya mikromola, na umwagaji huanza chini ya milisekunde moja. Kwa kuwa umwagaji hufuata takriban kipeo cha nne cha kalsiamu, ukiipunguza nusu unaweza kubaki na sehemu moja tu ya 16. Kosa dogo kwenye bafa yako (mmumunyo wa jaribio) huharibu jaribio zima.

Maabara ina mitego miwili ninayoiona sana. Msokoto wa SNARE za neva hauvunjiki kwa SDS (sabuni kali ya maabara) pekee. Ukichemsha sampuli zote, hutauona kwenye jeli, nawe utadhani haukuundwa. Gawa kila sampuli: nusu ichemshwe, nusu isichemshwe. Mtego wa pili uko kwenye liposomu (vifuko vya mafuta vya kutengenezwa) zenye rangi ya NBD inayong'aa. Mwanga ukipanda, mafuta yamechanganyika. Hujathibitisha kwamba tundu la kupitishia shehena limefunguka. Huenda tabaka za nje zimeungana, za ndani bado. Zima NBD ya nje kwa dithionaiti kabla ya kuanza, halafu pima pia uchanganyikaji wa shehena yenyewe.

Baada ya umwagaji, nyuzi zote nne hubaki zimesokotana kwenye utando mmoja. Protini ya NSF, ikisaidiwa na alfa-SNAP (protini nyingine, si SNAP-25), hutumia ATP, nishati ya seli, kuzifumua. Ukiizuia NSF, vifuko vilivyokwisha kujiandaa bado humwaga, ila SNARE huru hupungua hadi vifuko vipya vikose cha kushikana nacho.